Beringi ya Mbele Kulia

Humaid hakuusikia ule mvumo. Aliambiwa.

Ilikuwa Jumapili alfajiri. Walikuwa wameshatoka Ibra, wameiacha barabara kuu, na wameanza kuipanda milima ya Dima wa Tayyin. Kila siku ya kazi, huu ukiwa mwaka wa sita, Humaid aliwachukua walimu watatu wa kike milangoni kwao, akawapeleka kwenye skuli ya kijiji kimoja huko juu, akawangoja mpaka watoke, kisha akawarudisha. Alikuwa na miaka sitini na sita. Alizaliwa Tabora, akaja Oman hajaota ndevu, akaingia jeshini, na jeshini wakampa lori aendeshe. Alipostaafu alinunua gari kubwa la viti saba, lenye kuweza milima na mawe, na wazee wa Ibra wakamwamini wakamkabidhi binti zao.

Mbele, kando yake, alikaa Rawya, mwalimu wa hesabu. Yeye peke yake katika wale watatu ndiye aliyesema naye Kiswahili, kwa kuwa mama yake na Khamisa, mke wa Humaid, walikuwa jamaa wa damu. Dalal na Aliya, waliokaa nyuma, walijua Kiarabu tu.

"Ami, gari inavuma," Rawya alisema.

"Inavuma vipi?"

"Kama mashine ya kusaga nafaka iko mbali. Ukienda mbio inazidi, ukipunguza inatulia."

Humaid aligeuza shingo kidogo, kama mtu anayetega sikio. Hakusikia kitu. Hata injini siku hizi aliihisi zaidi kwa nyayo kuliko alivyoisikia.

"Tairi hizo," akajibu. "Zimelika upande mmoja. Nitazibadilisha."

Sikio lake la kushoto lilikufa jeshini, kwenye mazoezi ya mizinga. La kulia lilifuata taratibu, mwaka baada ya mwaka, mpaka akawa anaelewa maneno kwa kutazama midomo. Ndiyo sababu alipenda Rawya akae mbele, upande wa lile sikio lililosalia, na ndiyo sababu kile kioo cha ndani alikielekeza kwenye nyuso za wanawake walio nyuma na si kwenye barabara. Aliyejua ni Khamisa peke yake. Mtoto wao Maen, aliyekuwa akifanya kazi Maskati, alikuwa kila Ijumaa akimwambia kwenye simu, "Baba, pumzika sasa," na Khamisa ndiye aliyemrudishia Humaid yale maneno kwa sauti kubwa. Pensheni ilimtosha. Alichokiogopa ni ule ukumbi wa nyumba yake, na ile televisheni, na wazee wenziwe wanaokaa kutwa wakingojea adhana.

Jioni ile alikwenda kwa fundi wa tairi, akanunua mbili mpya za mbele. Jumatatu asubuhi, hawajafika hata mlimani, Rawya akamgusa mkono.

"Ami, bado. Tena leo imezidi. Na nimeona jambo: tukikata kona ya kushoto inanguruma, tukikata ya kulia inanyamaza."

Humaid hakuhitaji masikio kujua maana ya maneno yale. Gari likikata kushoto, uzito wote hulalia upande wa kulia. Kinacholia kwa kulemewa na uzito ni beringi, ile pete ya chuma yenye gololi inayozungushia gurudumu, na beringi hiyo ilikuwa ya gurudumu la kulia.

"Nitaangalia," akasema.

Alasiri ile aliliingiza gari uani, akapiga jeki upande wa mbele kulia. Akalishika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza, kidogo, kama jino la mtoto linapoanza kulegea, lakini lilicheza. Kisha akashika springi kwa mkono wa kushoto na kulizungusha gurudumu kwa mkono wa kulia, kama alivyofundishwa jeshini miaka arubaini iliyopita. Springi ikamletea habari kiganjani: mkwaruzo, kama mchanga unasagwa mle ndani. Akarudia mara tatu. Kila mara mchanga ule ule.

Khamisa alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake kichwani, anamtazama. Alimngoja mpaka ageuke, ndipo akasema. Alikwishazoea kusema naye hivyo.

"Imeharibika?"

"Kidogo."

"Basi ipeleke kwa Wadhah kesho."

Wadhah alikuwa na gereji kwenye eneo la viwanda la Ibra. Alikuwa fundi mwaminifu, tena mtoto wa watu wao. Lakini Wadhah alikuwa na desturi yake. Kabla hajafungua nati hata moja, humkalisha mwenye gari kando yake, akaendesha, akauliza: "Ami, unaisikia? Sasa je? Na sasa?" Na Wadhah alikuwa na mdomo mwepesi. Habari ingefika msikitini kabla ya swala ya magharibi.

"Wiki hii walimu wana mitihani," Humaid akasema. "Siwezi kuwakosesha. Alkhamisi wanamaliza. Ijumaa nitaipeleka."

"Baba Maen."

"Nimesema Ijumaa."

Khamisa akaingia ndani. Humaid akateremsha jeki. Beringi haifi siku moja, alijiambia. Huvuma mwezi, hata miezi miwili. Siku tatu ni nini?

Jumanne akaendesha polepole. Jumatano polepole zaidi. Rawya alinyamaza siku zote mbili, na Humaid hakujua kama mvumo umepungua au Rawya amechoka kusema.

Alkhamisi, walimu walipotoka baada ya mtihani wa mwisho, mawingu yalikuwa yamekwishakaa juu ya vilele upande wa kaskazini, meusi chini na meupe juu. Ilikuwa karibu na saa saba mchana. Mwalimu mkuu aliwahimiza waondoke upesi. Chini ya ule mteremko mrefu barabara inakata wadi, korongo la mto mkavu, na mvua ikinyesha milimani wadi hushuka na maji kwa dakika chache, ikafunga njia kutwa nzima. Aliya alikuwa na mimba ya miezi saba. Alipanda taratibu, akajifunga mkanda chini ya tumbo.

Kona mbili tatu za mwanzo walizipita salama. Katika ya nne, taa ya manjano ya breki ikawaka mbele ya macho ya Humaid. Akaitazama, akatazama barabara. Usukani ulianza kumtetemekea mikononi. Si ule mtetemeko wa mawe, ambao huja na kuondoka, huu haukuondoka.

Akakanyaga breki. Pedali ikaenda chini kama iliyokanyagwa ndani ya pamba.

Akakanyaga tena, haraka, mara ya pili na ya tatu, na mara ya tatu pedali ikasimama, gari likapunguza. Alijua lililotokea: gurudumu limelegea kiasi cha kuiyumbisha sahani ya breki, na sahani imezisukuma zile pedi mbali. Kila atakapotaka breki itambidi apige pedali kama pampu. Na mteremko ulikuwa haujafika hata nusu. Upande wa kulia, nje ya dirisha la Rawya, palikuwa na ukingo wa mawe usiofika magotini, na chini yake hewa tupu.

Akarudisha gia ya chini. Injini ikalikamata gari. Akapampu, akashusha gia nyingine, akapampu tena. Jasho lilimwingia machoni. Alikuwa anatazama kona inayokuja, na kwa hiyo hakutazama kioo, na kwa hiyo hakujua kilichokuwa kikitokea nyuma, mpaka vidole vya Rawya vilipomkamata kifundo cha mkono kwa nguvu. Akamgeukia nukta moja. Uso wa Rawya ulikuwa mweupe, mdomo wake wazi kabisa.

"Ami! Aliya anapiga kelele tangu kule juu! Husikii? Inasaga! Chuma inasaga chini ya miguu yangu! Moshi!"

Hakusikia kelele. Hakusikia chuma. Aliona midomo, na neno la mwisho akalithibitisha kwa pua: grisi iliyoungua.

Mbele, baada ya kona, palikuwa na kiuwanja ambapo malori husimama kupishana. Kilikuwa upande wa pili wa barabara, chini ya jabali. Humaid alipampu pedali mara tano, sita. Akalikatisha gari kushoto kidogo kidogo kwa kuwa alijua kona ya kushoto ndiyo inayoliumiza lile gurudumu. Akahisi kishindo kimoja kikipanda kwenye mfupa wa mkono mpaka begani. Kisha changarawe. Kisha gari likasimama, pua yake shibiri moja na mwamba.

Akavuta breki ya mkono. Akazima injini.

Waliposhuka wote, alizunguka akapiga magoti. Gurudumu la mbele kulia lilikuwa limelala upande kama kifundo cha mguu kilichoteguka. Akasogeza nyuma ya kiganja karibu na habu, kile kitovu cha gurudumu, na kabla hajaigusa joto likamrudisha. Aliimwagia maji kutoka kwenye chupa, na maji yakageuka mvuke.

Dalal ndiye aliyeanza kusema, kwa Kiarabu, haraka, na Humaid akamfuata midomo. "Wadi iko karibu, kilomita mbili tu. Twende polepole. Mvua inakuja. Simu hazishiki hapa. Tukikaa, tutalala hapa na mwanamke mwenye mimba!"

Aliya alikuwa amekaa juu ya jiwe, anajishika tumbo kwa mikono miwili, anapumua.

"Hatuendi," Humaid akasema.

"Polepole tu, ami!"

"Gurudumu litachomoka. Haliwezi kona nyingine moja." Akautia ufunguo mfukoni, akaona namna wote watatu wanavyomtazama, na Rawya kuliko wote. Rawya alimsogelea mpaka akasimama mbele yake sawasawa, na alipozungumza alizungumza polepole, kwa midomo iliyo wazi. Alikwishafahamu.

"Hukumsikia Aliya."

"Sikumsikia."

"Na ule mvumo? Jumapili? Jumatatu?"

"Sijausikia hata siku moja." Angeweza kuishia hapo, lakini hapo palikuwa ni nusu ya jambo. "Lakini nilijua. Jumatatu alasiri nilipiga jeki, nikalishika kwa mkono, nikajua ni beringi. Nikasema itafika Ijumaa."

"Ulijua." Macho ya Rawya yalijaa machozi, ila hayakuwa ya huruma. "Ulijua, ukatupandisha huku siku tatu. Kwa nini, ami?"

"Niliona haya."

"Haya!" Rawya aligeuka, akaenda kusimama na Aliya, asitake kumtazama tena.

Walikaa hivyo kama robo saa. Tone la kwanza la mvua lilimpiga Humaid shingoni. Ndipo akaona Dalal anaruka na kupunga mkono: pikapu ya milango minne ilikuwa inateremka kutoka kijijini, imebeba mbuzi nyuma. Mwenyewe, mfugaji aitwaye Mahrous ambaye mtoto wake alikuwa akisoma skuli ile, alisimama bila kuulizwa mara mbili. Viti vilitosha wanawake watatu na yeye na mama yake mzee aliyekuwa naye. Humaid hakutosha, na hata angetosha asingeomba.

"Wapitishe upesi," akamwambia. "Aliya umkalishe mbele. Ukikuta maji yanatembea, rudi nao kijijini, usijaribu."

Pikapu ikaondoka. Rawya hakuaga.

Humaid akabaki na gari. Mvua ilinyesha dakika chache tu pale alipokuwa, nyepesi, lakini kaskazini mbingu zilikuwa zimefungana kabisa na milima. Alijaribu kuhesabu: kilomita mbili, kona saba, mbuzi nyuma, mwendo wa taratibu. Dakika sita. Akasogea ukingoni kutazama chini. Kutoka pale kipande kidogo cha wadi kilionekana, kitanda cha mawe meupe na barabara ikikikata katikati.

Mtu mwingine angeyasikia yale maji kabla ya kuyaona. Humaid aliyaona tu: ukuta wa rangi ya udongo, umebeba matawi, ukapita juu ya mawe meupe na juu ya barabara, na papo hapo hapakuwa tena na barabara. Akatazama saa. Dakika saba.

Hakungoja. Alianza kuteremka kwa miguu, kisha akawa anakimbia, mzee wa miaka sitini na sita, na kanzu yake ya dishdasha kaikunja mkononi. Simu ilikuwa haishiki. Alipiga hata hivyo, akaishika sikioni akikimbia, akijua hata ingeshika asingesikia. Kichwani mwake pikapu ilikuwa inaelea na kugeuka, na Aliya kafungwa mkanda chini ya tumbo. Alimwomba Mungu kwa Kiswahili cha utotoni, maneno aliyofundishwa na bibi yake Tabora, na akayakosea, akayaanza upya.

Akaizunguka kona ya mwisho.

Maji yalikuwa upana wa uwanja wa mpira. Ng'ambo ya pili, juu ya mwinuko, pikapu ilikuwa imesimama, taa zake zinawaka. Na mbele ya pikapu, ukingoni karibu kuliko ilivyofaa, alisimama Rawya peke yake, mtandio wake wa manjano ameuvua mabegani anaupunga juu ya kichwa chake.

Alipoona kuwa Humaid amemwona, aliuteremsha mtandio. Akainua mkono, akaonesha vidole vitatu. Akaelekeza kwenye gari. Akaweka kiganja tumboni mwake, duara, kisha akainua dole gumba. Aliya salama. Aliyarudia yote tena, taratibu, kama anavyorudia kwa watoto darasani, mpaka Humaid alipoinua mikono yote miwili kumjibu. Hapo akageuka, akapanda, pikapu ikaenda zake.

Humaid alikaa chini kwenye lami iliyolowa akalia.

Gari lilibebwa kesho yake maji yalipopungua, likafikishwa kwa Wadhah. Wadhah aliling'oa gurudumu, akaitoa habu nzima, akaipeleka kwenye mashine ya kukandamiza kwa sababu, alisema, wanaopiga beringi kwa nyundo wanaiua kabla haijazaliwa. Kilichotoka ndani kilikuwa cha kutisha: vijigololi vimeliwa mashimo mashimo, njia vinamozungukia imekuwa ya buluu kwa moto, na grisi imekuwa uji wa kahawia.

"Ona, ami," Wadhah alisema kwa Kiswahili chake cha kuzaliwa Ibra. "Hii si grisi, hii matope. Maji ya wadi ameingia. Mpira yake hapa imepasuka, maji kila siku anaingia kidogo, grisi anatoka. Beringi ya mtu wa Maskati anakwenda kilomita laki moja na nusu, laki mbili. Ya wewe, unavuka maji asubuhi, unavuka mchana, inakufa elfu sitini."

"Na ya kushoto?"

Wadhah akaizungusha. "Sasa hivi nzuri. Lakini maji ile ile."

"Ibadilishe pia. Na habu hii ya kulia, usinirudishie. Tia mpya."

Kazi ilipokwisha, nati zimekazwa kwa ile spana yenye kupima nguvu, Wadhah akamfungulia mlango wa abiria kama kawaida yake. Waliingia barabara ya Sur, wakaenda mbio, na Wadhah akauliza, "Ami, unasikia chochote?"

"Mimi kiziwi, Wadhah," Humaid akasema. "Sikiliza wewe."

Wadhah akasikiliza. "Kimya," akasema, akikumbuka kumgeukia.

Jumamosi Humaid alikwenda nyumba tatu. Mume wa Aliya alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha ndani, na Humaid aliona ana haki. Dalal alikwishapata gari jingine. Kwa kina Rawya, mama yake alimpa kahawa na tende, na Rawya akaja akaketi mbali.

"Shikamoo, ami," alisema, kwa sababu hakulelewa kuacha kuamkia.

"Marahaba. Sikuja kuomba unirudie. Nimekuja kukwambia mbele ya mama yako kwamba nilikosa, na kwamba nimejiandikisha hospitali nipimwe masikio. Na kukushukuru. Pale ng'ambo."

Rawya alikuwa anazungusha kikombe. "Nilijua utateremka mbio," akasema. "Ningeondoka tu, ungejirusha majini kututafuta."

Humaid akamaliza kahawa, akaaga.

Likizo ikapita. Alipimwa, akapewa kifaa cha sikio la kulia. Kwa la kushoto daktari alitikisa kichwa. Kifaa kilimletea makelele ambayo alikuwa ameyasahau: vijiko, ndala za Khamisa, gari lake mwenyewe. Maen alikuja kutoka Maskati akitaka gari liuzwe, na Humaid, kwa mara ya kwanza, hakubisha. Alikuwa amekwishalipiga picha za kuuzia pale simu yake ilipopokea ujumbe wa Rawya.

Alikuwa na leseni miaka minane, aliandika, ila hakuwahi kuendesha milimani. Wapo walimu wawili wapya wanaohitaji usafiri. Gari la Humaid ataliendesha yeye. Lakini anataka mtu wa kumfundisha ule mteremko, gia gani, wapi pa kupunguza, wapi pa kusimama wadi ikishuka. Muhula mmoja tu. Na kila wakifika, mtu huyo akague magurudumu yote manne kwa mkono kabla hawajarudi.

Humaid alimsomea Khamisa ujumbe ule mara mbili.

"Utakaa kiti cha abiria?" Khamisa akauliza. "Wewe?"

"Nitakaa."

Jumapili ya kwanza ya muhula waliondoka Ibra kabla ya jua. Rawya aliushika usukani kwa mikono miwili, mabega yamempanda mpaka masikioni. Kwenye kona ya kwanza ya mlima Humaid alinyoosha mkono wake wa kushoto kuelekea usukani bila kujua.

"Ami," Rawya alisema, macho barabarani. "Nimekusikia unavyopumua. Rudisha mkono."

Akaurudisha mapajani. "Gia ya pili," akasema. "Sasa, kabla ya kona. Si ndani yake."

Rawya akaitia.